Viberiti Mia na Ishirini

14 Novemba 1994

Mavi yangu yamefika Ulaya. Nimeanza na hilo ili atakayefungua daftari hili ajue mara moja anasoma habari za mtu wa namna gani. Yalipanda ndege Mwanza, yakavuka bahari, yakapokelewa na Wazungu waliovaa makoti meupe. Wakayatazama kwa darubini, wakatikisa vichwa, wakaulizana huyu mzee anakula nini.

Mvua hakuna.

15 Novemba

Si kweli. Yamefika Dutwa, kilomita tisa, kwenye kapu la baiskeli yangu mwenyewe. Daftari lilikuwa jipya na jeupe, nikaona nisilianze na Dutwa.

Mambo yako hivi. Mradi wa kichocho umepiga hema Dutwa, nyuma ya ghala la pamba. Ndani ya hema kuna meza, darubini, na kijana anayeitwa Januarius ambaye amesoma miaka mingi ili aweze kutazama mavi. Kila kijiji kina mkusanyaji. Kwetu ni mimi, Mboje, kwa sababu nilifika darasa la nne, na kwa sababu nilihudumia josho la ng'ombe miaka ishirini na miwili, mpaka serikali ilipotupunguza kazini. Josho nalo likakauka. Sasa watoto wanachezea humo.

Watu mia na ishirini wameandikwa kwenye orodha. Kila mmoja anapewa kiberiti kitupu chenye namba. Anatia humo kiasi cha karanga moja, anafunga, ananiletea, napeleka. Januarius anaita "choo kikubwa" au "sampuli". Mimi nimekulia zizini, nayaita kwa jina lake.

Atakayeonekana ana mayai ya kichocho anapewa vidonge. Na wakizidi nusu ya watu, kijiji kizima kitanyweshwa, hata waliokataa kupimwa. Majibu hayatoki mpaka viberiti vyote vikamilike. Vidonge hivyo vipo dukani Bariadi, siku hizi ni ruksa, kila kitu kipo dukani. Ila sisi hatupo dukani.

Januarius alinipa madaftari mawili: moja la majina, na hili la kuandika kila siku mvua na idadi ya viberiti. Hakunikataza kuandika mengine.

Ninaye mtu wa kunywa dawa hiyo. Ni binti yangu Minza, ana miaka thelathini na mbili. Amerudi kutoka kwa mumewe kule Binza akiwa na tumbo kubwa lisilo na mtoto, na miguu myembamba kama ya korongo. Wakwe walingoja azae. Walipochoka kungoja wakampandisha basi.

Viberiti 1. Hicho kimoja ni changu.

18 Novemba

Mawingu yamekuja, yametutazama, yamekwenda Maswa.

Jana nilianza na Kwandu, jirani yangu upande wa magharibi. Ni mjane, ni mtani wangu, tumetukanana tangu tukiwa tunachunga ndama. Nilimkuta jikoni akipuliza samadi kavu. Kuni hakuna tena huku kwetu, miti tumeimaliza kwa ajili ya pamba, kwa hiyo wanawake wanapikia mavi ya ng'ombe. Moshi wake umemtia macho mekundu kama pilipili.

"Mwangaluka, Kwandu."

"Mwangaluka. Umekuja kuomba ugali au matusi?"

"Nimekuja kuomba mavi yako."

Alikaa chini akacheka mpaka akashika ubavu. "Miaka yote hii nimengoja uniombe kitu, Mboje. Ndiyo umeomba hicho?"

"Ni ya kitaalamu."

"Lete hicho kiberiti. Ila usiyalambe njiani."

Leo asubuhi alileta, amekifunga kwa uzi kama zawadi ya harusi. Yeye ndiye wa kwanza katika kijiji hiki. Nimeandika namba yake: 2.

21 Novemba

Mvua hakuna. Viberiti 3. Wanaume wananikwepa njiani kama ninadai kodi.

26 Novemba

Tone moja moja, vumbi halikulala.

Watu hawataki. Hawasemi hawataki, wanasema kesho. Najua sababu, hata mimi nilizaliwa hapa. Nywele zako, udongo ulioukanyaga, mavi yako: mwenye nia mbaya akivipata, amekupata wewe. Mtu anakwenda porini na jembe lake, anafukia, anatazama nyuma. Leo nije nimwambie ayatie kwenye boksi, aandikwe jina, yapelekwe Dutwa kwa mtu asiyemjua?

Wengine wamejaribu ujanja. Leo Januarius alinyanyua jicho kwenye darubini.

"Mzee Mboje, namba kumi na nne ana minyoo ya mbwa."

"Basi ni mbwa."

"Na ishirini na tatu huyu anakula majani matupu."

Nikatazama orodha. "Huyo ni mwenyekiti wa kijiji."

Januarius alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema akiona tena mavi ya mnyama kutoka kwetu atatufuta, dawa itakwenda kwingine. Nikamwambia mimi ningeyajua bila darubini yoyote. Ng'ombe nikinyanyua mkia na kutazama nakwambia huyu ana ndigana baridi, huyu amekunywa maji machafu, huyu hafiki Jumapili. Mbwa pia. Ila viberiti huwa sifungui, nimeogopa kumfungulia mtu siri yake.

"Fungua," akasema.

3 Desemba

Mvua kubwa, ya kwanza ya kweli.

Januarius alikuja na Land Rover kufanya mkutano shuleni. Aliweka darubini juu ya dawati, wakachungulia tone la maji ya lambo, wakaona wadudu wakiogelea. Wakashangaa, wakaenda nyumbani, hawakuleta kitu. Wakati anarudi korongo lilikuwa limejaa na gari likazama mpaka milangoni. Nilivua suruali, sina cha kuficha katika umri huu, nikabeba boksi la darubini kichwani, nikalivusha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia maji ya kufika kiunoni tangu nikiwa kijana. Mimi sipendi maji. Mpunga kwetu wanalima wanawake, na kwenye majaruba sijawahi kutia mguu. Generoza, mke wangu, amesema uvivu huo ameuvumilia kwa jina la Bwana.

Januarius alishika boksi lake kama mtoto aliyefufuka.

"Nina deni lako, mzee. Siku moja niombe kitu kidogo, sitakataa."

"Niache nichungulie mavi yangu."

"Siku nyingine."

4 Desemba

Watu wote wako mashambani wanapanda pamba. Wanunuzi binafsi wamesema mwaka huu watanunua wao. Viberiti 0.

11 Desemba

Mvua ya usiku, asubuhi jua.

Kasmiri, mkusanyaji wa kijiji cha pili, amemaliza mia na ishirini yake. Alipita na baiskeli akanipigia kengele bila sababu yoyote. Mimi, kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba wiki nzima, ninavyo sabini na tisa. Januarius amesema mwisho ni Jumatano.

Sasa niandike lililo gumu. Kiberiti cha Minza ni namba 67. Mimi ni baba yake. Baba hazungumzi na binti yake mtu mzima habari za chooni, hata njia ya kwenda huko akimwona anageuza uso. Nilimpa Generoza kiberiti ampe. Generoza alimpa. Leo nimekikuta juu ya kigoda changu, kimefungwa vizuri. Nikakitikisa. Nikafungua. Kitupu.

Nimeelewa. Hakutaka kutia kitu kama hicho mkononi mwa baba yake. Mimi niliyemlea vizuri hivyo ndiye nilaumiwe.

Nilikaa na kile kiberiti muda mrefu. Nilisikia anakohoa ndani. Ningeweza kusema, "Minza mama, jaza." Maneno matatu. Nimetia mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya ng'ombe wa watu aliyeshindwa kuzaa nikatoa ndama, lakini maneno hayo matatu sikuyaweza.

14 Desemba, Jumatano

Mvua hakuna. Viberiti 41.

Arobaini na moja kwa siku moja, Kasmiri apige kengele sasa.

Nilikula jana matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, na maharage kwa makusudi. Alfajiri nikaenda nyuma ya josho na viberiti vyangu vitupu, vya wale waliokataa, nikavipanga juu ya sementi kama dukani. Kijiti kimoja, karanga moja kila kiberiti. Mavi ya binadamu kabisa, hakuna mbwa, hakuna majani. Nikawaza: mimi ni mzee wa hapa hapa, nimekunywa maji ya hapa, lazima mayai ninayo kuliko wote. Hawa wote wataonekana wagonjwa, nusu itapita, dawa itakuja kwa kila mtu, na yule aliyeona aibu atakunywa pamoja na wote. Sijamdhuru mtu. Nimewasaidia wasiotaka kusaidiwa.

Cha 67 nilikijaza cha mwisho.

25 Desemba

Krismasi. Generoza ameenda kanisani, Minza hakuweza kutembea. Nilibaki naye. Nilimwambia hadithi ya mwenyekiti anayekula majani. Alicheka, akashika tumbo.

9 Januari 1995

Mvua tangu asubuhi. Tulikutana darasani, watu wamejibana, harufu ya makoti mabichi.

Januarius aligawa kadi. Kila kadi ina jina na namba, na neno ANA au HANA. Kadi ya kwanza yangu. HANA. Watu wakapiga makofi. Januarius akasema mbele ya wote, "Mzee Mboje ni msafi. Nimetafuta mara mbili, hata yai moja. Huyu, ukiacha siku ile ya korongo, hajawahi kuingia majini."

Nilisimama nikainama kama bwana harusi. Nilikuwa bado nimeinama ndipo nikaelewa.

Kwandu, ANA. Generoza, ANA. Minza, HANA. Mwenyekiti, aliyekataa mpaka mwisho, HANA, akanikonyeza. Watu arobaini na wanane kati ya mia na ishirini. Januarius aliandika ubaoni: asilimia arobaini. Haikufika nusu. Wale arobaini na wanane walinywa vidonge palepale, mbele ya ndoo ya maji, mmoja mmoja. Dawa ya kijiji kizima itakwenda kwa Kasmiri.

Hesabu zangu ni za darasa la nne lakini zinanitosha. Mia na ishirini toa arobaini na moja ni sabini na tisa. Arobaini na wanane kati ya sabini na tisa ni zaidi ya nusu. Kwa mbali.

Januarius aliuliza kama kuna mwenye swali. Nilinyanyua mkono. Wote wakageuka, wanajua nikinyanyua mkono ni kicheko. Minza, tuliyemleta kwa mkokoteni, alikuwa amekaa karibu na mlango, kadi yake mapajani. Alikuwa ananitazama. Alijua alirudisha kiberiti kitupu. Alijua kabisa. Akateremsha macho ili mimi nisione aibu.

Nikauliza, "Mtaalamu, wewe ya kwako unapima nani?"

Walicheka mpaka bati likaitikia.

10 Januari

Mvua.

13 Januari

Mwenyekiti alinisimamisha dukani. "Serikali inasema tuchangie huduma za afya. Wewe mzee umetuchangia mpaka mavi." Waliokuwepo walicheka. Nami nilicheka. Wote arobaini wanajua, na hakuna anayejali. Wao si wagonjwa, au hawajajua.

Hema la Dutwa bado lipo. Kesho nitakwenda kumwambia Januarius.

14 Januari

Sikwenda. Mvua.

15 Januari

Mvua haikuwepo. Sikwenda.

2 Februari

Wanawake wanapandikiza mpunga, majaruba yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Kwandu yuko huko, amepona. Vidonge vimemfaa, anaimba kwa sauti mbaya, nilimpigia kelele anyamaze asiue mpunga. Akanirushia tope.

Minza alitapika damu juzi. Tulimpandisha mkokoteni wa ng'ombe mpaka kwenye zahanati. Nesi anaitwa Felisita, mtu mwenye huruma lakini amechoka. Foleni ilikuwa ya wanawake mpaka nje.

"Kadi ya mradi mnayo?"

Generoza akampa. Felisita akasoma. "Hana kichocho. Basi ni kitu kingine. Hapa sina kipimo, wala dawa nyingine sina. Mpelekeni Bariadi mkipata uwezo."

"Nesi," nikasema, "kadi hii si yake."

"Jina si lake?"

"Ni lake."

"Namba?"

"Yake."

"Basi mzee, si yake kwa vipi?"

Minza alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa mapajani mwa mama yake. Wanawake ishirini wamenyamaza kunisikiliza. Nilichotakiwa kusema ni kwamba nilitia mavi yangu kwenye kiberiti cha binti yangu kwa sababu ya yake niliyaonea aibu. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Macho yangu, nesi, siku hizi hayasomi vizuri."

Akanipa aspirini mbili. Mimi. Si Minza.

9 Februari

Mvua ya mawe, imevunja pamba changa.

Generoza, mtu wa rozari miaka arobaini, amempeleka Minza kwa mganga. Sikumlaumu. Alisema, "Hata darubini haikuona kitu. Kama hauonekani kwa darubini, huo si ugonjwa wa Mungu." Mganga naye alitaka kuona kadi, akaishika juu chini, akakubaliana nayo. Akasema: ni mtu wa upande wa machweo, mwenye macho mekundu, aliyekuwa mgonjwa akapona ghafla. Alichukua uzima wa binti akajitibu nao.

Kijiji kizima kimeshajua ni nani. Minza amebaki huko kwa mganga ananyweshwa mizizi.

15 Februari

Mvua ya rasharasha. Nimemwambia Generoza.

Alikuwa anapepeta mtama. Nilimweleza kila kitu, kiberiti kitupu, josho, kijiti, namba 67. Nilimweleza taratibu kama mtu anayehesabu ng'ombe. Hakuacha kupepeta.

"Nilimpa Minza kiberiti kwa mkono wangu. Nikakiona kimerudi kimefungwa."

"Kilikuwa kitupu, Generoza."

"Unamtetea Kwandu. Umempenda huyo mwanamke tangu hujanioa."

"Nimemtukana tangu sijakuoa."

"Ndiyo hivyo." Akaweka ungo chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mimi nakujua Mboje. Waliokataa, hao uliwajazia, nasikia wanacheka huko dukani. Kwa mtu mwingine ungefanya. Kwa mwanao usingefanya. Hata wewe."

Nilimpenda kwa maneno yale, na yalinimaliza.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza yote, aitishe sungusungu awaambie Kwandu hana kosa. Akanipigapiga bega. "Mzee, ya kwetu tunaijua, ulitufurahisha. Lakini hii ya mwanao usiifanyie mzaha." Kumbe mzaha nimeufanya maisha yangu yote, umekuwa sauti yangu, sina nyingine ya kusemea.

16 Februari

Nilisukuma baiskeli kwenye tope mpaka Dutwa. Nyuma ya ghala pana alama ya mraba kwenye nyasi mahali hema lilipokuwa. Wamehamia Maswa wiki mbili zilizopita. Niliketi katikati ya ule mraba nikala muhogo wangu.

Wiki mbili. Nilikuwa na siku ishirini na tatu za kwenda kilomita tisa.

24 Februari

Mvua kubwa.

Kwandu alikuta karatasi imebanwa mlangoni. Hajui kusoma, akaniletea mimi. Iliandikwa kwa penseli: UONDOKE KABLA MPUNGA HAUJAIVA. Nilimsomea. Nilifikiria kumsomea kitu kingine, lakini nimechoka kubuni.

"Mwandiko wa nani?" akauliza.

"Wa mtu aliyefika darasa la pili."

"Afadhali ungeandika wewe, ungetia matusi kidogo." Alikunja karatasi akaitia kwenye upindo wa khanga. Macho yake mekundu yalikuwa makavu kabisa. Nikamwambia habari ya kiberiti. Yeye aliniamini hapo hapo, hakuuliza hata swali. Akasema, "Nilikupa ya kwangu wa kwanza, Mboje. Kwa uzi."

Anakwenda kwa kaka yake Shishiyu. Nilimbebea sufuria na kuku wawili mpaka barabarani. Basi lilipokuja alipanda bila kunitukana.

25 Februari

Mvua. Wamebomoa jiko lake. Ile samadi kavu aliyokuwa ameipanga ukutani imelowa, imerudi kuwa mavi.

5 Machi

Mvua.

6 Machi

Mvua. Josho limejaa maji, vyura wanaimba humo.

12 Machi

Minza amerudishwa. Mganga amesema mkosaji ameshaondoka kwa hiyo atapona tu. Uso umebaki macho, tumbo limekaza kama ngoma.

Jioni nilikuwa barazani natengeneza mnyororo wa baiskeli. Alitoka ndani ameshika ukuta, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Generoza alikuwa nyuma yake na kibuyu cha maji. Minza alifika mbele yangu, akapiga magoti, ingawa nilimwambia asipige. Akanyoosha mikono yote miwili, kama mtoto anavyompa baba yake maji ya kunawa. Mikononi mlikuwa na kiberiti kilichofungwa kwa kipande cha khanga.

"Baba," akasema, "hiki kina kitu."

Nilikipokea kwa mikono miwili.

Generoza alitazama kile kiberiti, akamtazama Minza, akanitazama mimi. Kibuyu kilikuwa kinamwagika na hakukiona. Akaingia ndani.

13 Machi

Korongo limejaa. Hakuna basi la Maswa.

14 Machi

Limejaa. Nimesimama ukingoni tangu asubuhi. Nilivua suruali, nikaingia, maji yakanirudisha. Safari ile nilikuwa nimebeba darubini ya serikali na nikavuka.

15 Machi

Limejaa.

16 Machi

Limeanza kupungua. Kesho.

17 Machi

Minza ametapika damu alfajiri, beseni na nusu. Amefariki kabla jua halijatoka. Mvua hakuna.

29 Machi

Generoza ananipa chakula, ananitandikia, hanisemeshi. Jana nilimtania kuhusu ugali mbichi. Alinitazama kama mtu anayetazama redio iliyoharibika.

Msibani walisema Kwandu amemalizia kazi yake akiwa mbali. Wengine wanataja Shishiyu, wanataja jina la kaka yake. Nilisimama mbele ya watu nikasema tena yote, mavi, kiberiti, josho. Kijana mmoja nyuma alianza kucheka, akadhani nimefika kwenye kichekesho.

Nilikwenda kwa nesi Felisita nikamwambia pia, safari hii bila kumung'unya. Alisikiliza. Nikamuuliza kama vidonge vya Januari vingemponya. Akasema, "Mzee, ini likishakuwa vile, sijui. Labda. Labda hapana." Nilitaka achague moja. Hakuchagua.

9 Aprili

Mvua zinaisha. Mpunga umeiva, unavunwa na wachache.

Januarius, mwanangu, kurasa hizi zote sasa ni zako. Dereva wa basi ameahidi kukufikishia Maswa. Utaona kuwa mvua nimeandika kama ulivyotaka, na viberiti pia. Ile arobaini na moja ya tarehe 14 Desemba ifute. Rekebisha asilimia yako kwenye ripoti, ukipenda, au usirekebishe. Dawa hazitarudi huku, hilo nalijua, nyinyi mnakwenda mbele tu.

Pamoja na daftari kuna kiberiti. Nimekifunga kwenye nailoni, halafu kwenye gazeti, halafu kwenye khanga yake ile ile. Ndani pamekauka, sifichi, ni wiki nne. Lakini uliniambia mwenyewe kwamba mayai ya kichocho yana miiba na hayapotei upesi. Sijakifungua. Ninajua kutazama mavi ya kila mnyama wa Bariadi na hicho sijakifungua.

Siku ya korongo ulisema una deni langu, niombe kitu kidogo. Nilitaka kuchungulia darubini. Hilo liache, sitaki tena. Badala yake naomba uloweshe hiyo karanga moja, uitazame, uniandikie kwenye karatasi yenye mhuri, kwa herufi kubwa ambazo hata mtu wa darasa la pili atasoma, ulichokiona. ANA. Neno hilo tu, na namba 67. Mhuri usiwe hafifu, huku kwetu mimi hawaniamini, mhuri wanauamini.

Mpe dereva huyo huyo. Asinishushie mimi hapa kijijini, apitilize nayo mpaka Shishiyu, aulize kwa kaka yake Kwandu, ampe mkononi, wakimfuata awaonyeshe. Ukipata uzi, ifunge kwa uzi.